Namba 4,294,967,297 na ushahidi wa mwaka 1640

Chukua 2, uipandishe hadi kipeo cha 32, kisha ujumlishe 1. Namba inayopatikana ni 4,294,967,297, nami nimeichagua kwa sababu sijui namba nyingine ya ukubwa huu ambayo sifa zake nyingi kiasi hiki zinaweza kuthibitishwa kwa kalamu na karatasi tu, bila kompyuta, na bila kumtaka msomaji akubali jambo lolote kwa kuambiwa. Anayejua kuzidisha, kugawanya na kufuatilia mabaki ana kila kitu anachohitaji.

Namba hii imo katika mfuatano unaoanza na 3, ambao kanuni yake ni moja: toa 1 kwenye namba uliyonayo, zidisha kinachobaki kwa chenyewe, kisha urudishe 1. Kutoka 3 tunapata 2 × 2 + 1 = 5; kutoka 5 tunapata 4 × 4 + 1 = 17; halafu 16 × 16 + 1 = 257; halafu 256 × 256 + 1 = 65,537; na hatua inayofuata, 65,536 × 65,536 + 1, ndiyo inayotupa 4,294,967,297. Kwa maandishi mafupi, namba hizo sita ni 2¹ + 1, 2² + 1, 2⁴ + 1, 2⁸ + 1, 2¹⁶ + 1 na 2³² + 1, nazo huitwa F₀, F₁, F₂, F₃, F₄ na F₅ kwa heshima ya Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, aliyekuwa mmoja wa wanahesabu wakubwa wa karne ya 17.

Tano za kwanza ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwaka 1640 Fermat aliwaandikia wanahesabu wenzake kwamba anaamini mfuatano wote uko hivyo, mpaka mwisho usio na mwisho, ingawa alikiri kwamba uthibitisho kamili hakuwa nao. Imani hiyo haikuwa ya ovyo. Kuijaribu F₅ kwa njia ya kawaida kunamaanisha kuigawanya kwa kila namba tasa iliyo chini ya 65,536, na namba tasa hizo ni 6,542. Mtu mwenye subira angeweza kuifanya kazi hiyo, lakini mwenye majukumu mengine maishani angeiacha, na hakuna ubaya katika kuiacha.

Desemba 1729 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler, aliyekuwa kijana katika Chuo cha Sayansi cha Saint Petersburg, Urusi, akimuuliza kama anafahamu kauli hiyo ya Fermat. Mwaka 1732 Euler alitoa jibu: 4,294,967,297 ni zao la 641 na 6,700,417. Mfuatano ulivunjika palepale ambapo hesabu za mkono zilianza kuwa ngumu. Msomaji anaweza kuhakikisha mwenyewe, kwa kuwa 6,700,417 × 600 ni 4,020,250,200, na 6,700,417 × 41 ni 274,717,097, na jumla ya mbili hizo ndiyo namba yetu.

Jambo linalonivutia zaidi ya kuvunjika kwenyewe ni hili: mwaka uleule wa 1640 Fermat alieleza kanuni mbili nyingine, na kila moja ya kanuni hizo inatosha kuonyesha kwamba F₅ si tasa. Ushahidi ulikuwa tayari katika barua zake mwenyewe. Nitazifuata kanuni hizo moja baada ya nyingine, lakini kwanza nieleze kwa nini 641 inaigawanya namba hii, kwa sababu kuna njia ya kuliona hilo bila kuzidisha tarakimu nyingi.

Namba 641 ina sura mbili. Kwanza, ni 640 + 1, yaani 5 × 2⁷ + 1. Pili, ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Sura ya kwanza inasema kwamba 5 × 2⁷ inapungukiwa na 1 tu ili iifikie 641, hivyo katika hesabu ya mabaki ya 641 tunaweza kuichukulia kuwa −1. Tukiipandisha −1 hadi kipeo cha nne tunapata 1. Kwa hiyo 5⁴ × 2²⁸ ikigawanywa kwa 641 huacha baki 1. Sura ya pili inasema kwamba 5⁴ na 2⁴ zikijumlishwa hazibakishi kitu, hivyo 5⁴ inaweza kuchukuliwa kuwa −2⁴. Tukiweka −2⁴ mahali pa 5⁴, tunaona kwamba −2⁴ × 2²⁸, ambayo ni −2³², huacha baki 1. Maana yake ni kwamba 2³² + 1 haiachi baki lolote. Huu ni uthibitisho kamili, nao haukuhitaji kuijua hata tarakimu moja ya 4,294,967,297.

Hata hivyo uthibitisho huo una upungufu mmoja ambao ni haki kuutaja: unafanya kazi kwa mtu ambaye tayari ameshaambiwa 641. Haumsaidii anayetafuta. Swali la kweli ni jinsi ya kujua kwamba 641 inastahili kujaribiwa wakati kuna namba tasa zaidi ya elfu sita zinazosubiri, na hapo ndipo kanuni ya kwanza ya Fermat inapoingia.

Kanuni hiyo, ambayo Fermat aliieleza katika barua ya Oktoba 1640, inasema kwamba ikiwa p ni namba tasa na a ni namba isiyogawanyika kwa p, basi a ikipandishwa hadi kipeo cha p − 1 huacha baki 1 inapogawanywa kwa p. Tuseme sasa kwamba p ni namba tasa yoyote inayoigawanya 2³² + 1. Kwa kuwa 2³² + 1 haiachi baki, 2³² yenyewe inahesabika kuwa −1, na mraba wake, 2⁶⁴, unahesabika kuwa 1. Mabaki ya 2, 2², 2³ na kuendelea huzunguka: yakifika 1 huanza upya. Urefu wa mzunguko huo ni lazima uigawanye 64, kwa sababu kwenye kipeo cha 64 tumerudi kwenye 1; lakini hauwezi kuigawanya 32, kwa sababu kwenye kipeo cha 32 tuko kwenye −1. Vigawo vya 64 ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64, na vyote isipokuwa cha mwisho huigawanya 32. Kwa hiyo urefu wa mzunguko ni 64 kamili. Kanuni ya Fermat inatuambia kwamba kwenye kipeo cha p − 1 pia tumerudi kwenye 1, hivyo p − 1 ni kigawe cha 64, yaani 64 huigawanya bila baki.

Matokeo ya hoja hiyo fupi ni makubwa kupita kiasi. Kutoka katika namba tasa 6,542, zinazobaki ni zile tu zinazozidi kigawe cha 64 kwa 1. Tukiziandika namba za umbo hilo kwa mpangilio tunapata 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577 na 641. Ukiondoa zisizo tasa, zinazobaki ni 193, 257, 449, 577 na 641. Nne za kwanza huacha baki. Ya tano haiachi. Hivyo ndivyo Euler alivyoeleza baadaye, katika makala ya mwaka 1747, kwamba vigawo vya namba hii ni lazima viwe na umbo hilo, na mtu akishalijua hilo anamfikia 641 kwa kugawanya mara tano.

Hapa ndipo mtu hujiuliza kwa nini Fermat mwenyewe hakuziona namba hizo tano. Alikuwa na kanuni, na aliwahi kuitumia kwa namna inayofanana sana na hii: mwaka huohuo wa 1640 alionyesha kwamba 2³⁷ − 1, ambayo ni 137,438,953,471, inagawanyika kwa 223, akiongozwa na wazo kwamba kigawo tasa cha namba ile ni lazima kizidi kigawe cha 74 kwa 1. Namba ile ni kubwa kuliko F₅ mara 32 hivi. Mtu aliyeweza kuipata 223 humo alikuwa na uwezo wote wa kuipata 641 humu. Sioni sababu ya kumlaumu. Naona tu kwamba umbali kati ya kuwa na kanuni na kuitumia mahali sahihi unaweza kuwa mrefu hata kwa mtu wa kiwango chake, na kwamba miaka 92 ilipita kabla ya mtu mwingine kuuvuka.

Hoja ya Euler inaweza kukazwa zaidi, na hatua hii naipenda kuliko zote kwa sababu inategemea namba moja tu iliyochaguliwa vizuri. Chukua b = 2⁸ × (2¹⁶ − 1), yaani 256 × 65,535, ambayo ni 16,776,960. Mraba wake ni 2¹⁶ × (2³² − 2¹⁷ + 1). Kwa kigawo tasa chochote cha 2³² + 1, sehemu ya 2³² + 1 iliyo ndani ya mabano inatoweka, na kinachobaki ni 2¹⁶ × (−2¹⁷), yaani −2³³. Lakini 2³² inahesabika kuwa −1, hivyo −2³³ inahesabika kuwa 2. Tumepata namba nzima ambayo mraba wake, katika hesabu ya mabaki, ni 2! Kwa kuwa b² ni 2, b⁶⁴ ni 2³², yaani −1, na b¹²⁸ ni 1. Kwa hoja ileile ya mzunguko, urefu wa mzunguko wa b ni 128 kamili, na kwa kanuni ya Fermat p − 1 ni kigawe cha 128. Aliyeonyesha kwamba vigawo vya namba za Fermat hufuata sharti hili kali zaidi ni Mfaransa Édouard Lucas, mwaka 1878.

Sasa orodha inakuwa fupi mno: 129, 257, 385, 513, 641. Kati ya hizo tasa ni 257 na 641 peke yake. Na 257 inaweza kuondolewa bila kugawanya chochote, kwa sababu nyingine nzuri. Ukitoa 2 kwenye namba yetu unapata 2³² − 1, ambayo ni tofauti ya miraba miwili, na inapasuka kuwa (2¹⁶ + 1) × (2¹⁶ − 1). Sehemu ya pili inapasuka tena kwa njia hiyohiyo, mpaka tunabaki na 65,537 × 257 × 17 × 5 × 3. Yaani namba yetu ni zao la namba zote tano zilizoitangulia katika mfuatano, kisha ukiongeza 2. Ikigawanywa kwa yoyote kati ya hizo tano huacha baki 2, basi haina kigawo cha pamoja na yoyote. Kwa mtu mwenye sharti la Lucas mkononi, 641 ndiyo namba ya kwanza kabisa inayostahili kujaribiwa.

Je, 6,700,417 nayo ni tasa? Swali hili mara nyingi hupitwa haraka, nami naona halistahili kupitwa, kwa kuwa jibu lake linaonyesha nguvu ya hoja hii kuliko 641 yenyewe. Kigawo tasa chochote cha 6,700,417 ni kigawo cha F₅ pia, hivyo kinabanwa na sharti lilelile la 128. Kama 6,700,417 si tasa, kigawo chake kidogo kabisa hakiwezi kuzidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni pungufu ya 2,589. Kuanzia 641 hadi hapo, namba zinazozidi kigawe cha 128 kwa 1 ni kumi na sita, na ukiziondoa zinazogawanyika kwa namba ndogo (kwa mfano 1,537 ni 29 × 53, na 2,561 ni 13 × 197), tasa zinabaki nne: 641, 769, 1,153 na 1,409. Kugawanya kwa 641 kunaacha baki 44. Kwa 769 kunaacha 120. Kwa 1,153 kunaacha 334. Kwa 1,409 kunaacha 622. Basi. Kwa kugawanya mara nne tumethibitisha kwamba namba ya mamilioni ni tasa, kazi ambayo kwa njia ya kawaida ingehitaji mamia ya majaribio.

Kwa hiyo 4,294,967,297 ina vigawo vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Inasimuliwa kwamba Zerah Colburn, mtoto wa Marekani aliyejulikana kwa kufanya hesabu kubwa kichwani na ambaye alipelekwa London mwaka 1812 akiwa na umri wa miaka saba, aliulizwa vigawo vya namba hii na akaitaja 641 pamoja na mwenzake. Hilo ni jambo la kustaajabisha kuhusu mtoto, ingawa halitufundishi chochote kuhusu namba.

Kanuni ya pili ya Fermat inahusu miraba. Katika barua aliyomwandikia Marin Mersenne tarehe 25 Desemba 1640, Fermat alieleza kwamba namba tasa inayozidi kigawe cha 4 kwa 1 ni jumla ya miraba miwili, na kwamba inaweza kuwa hivyo kwa njia moja tu. Mifano midogo ni 13, ambayo ni 9 + 4, na 29, ambayo ni 25 + 4. Hakuna njia nyingine ya kuzigawa kuwa miraba miwili. Uthibitisho wa kauli hiyo ulikuja baadaye kutoka kwa Euler. Namba yetu inazidi kigawe cha 4 kwa 1, na jumla moja ya miraba tunaiona tangu mwanzo: 65,536² + 1². Ingekuwa tasa, hiyo ingekuwa njia yake pekee. Lakini kuna nyingine:

62,264² + 20,449² = 3,876,805,696 + 418,161,601 = 4,294,967,297.

Njia mbili zimepatikana, na kwa hiyo namba si tasa, hata kama hatujakijua kigawo chake kimoja. Kinachopendeza ni kwamba jumla hizo mbili zinavitoa vigawo vyenyewe. Chukua tofauti na jumla za misingi: 65,536 − 62,264 ni 3,272, na 20,449 − 1 ni 20,448. Kigawo kikubwa cha shirika cha 3,272 na 20,448 ni 8. Ukizigawanya kwa 8 unapata 409 na 2,556. Kwa upande mwingine, 65,536 + 62,264 ni 127,800, na 20,449 + 1 ni 20,450. Kigawo kikubwa cha shirika ni 50, na ukizigawanya kwa 50 unapata 2,556 na 409 zilezile. Sasa 409² + 2,556² ni 167,281 + 6,533,136, yaani 6,700,417. Na 8 na 50, zikigawanywa kwa 2, ni 4 na 25, ambazo miraba yake ni 16 na 625, yaani 641. Vigawo vyote viwili vimejitokeza bila kugawanya F₅ hata mara moja.

Sababu yake ni kanuni ambayo Brahmagupta wa India aliieleza katika karne ya 7: zao la jumla mbili za miraba ni jumla ya miraba, na hupatikana kwa njia mbili kutegemea unajumlisha au unatoa. Vigawo vyetu ni 25² + 4² na 2,556² + 409². Zidisha 25 kwa 2,556 upate 63,900, na 4 kwa 409 upate 1,636. Zidisha pia 25 kwa 409 upate 10,225, na 4 kwa 2,556 upate 10,224. Kwa njia ya kwanza, 63,900 + 1,636 ni 65,536, na 10,225 − 10,224 ni 1. Kwa njia ya pili, 63,900 − 1,636 ni 62,264, na 10,225 + 10,224 ni 20,449. Ile 1 ambayo katika 2³² + 1 inaonekana kama nyongeza ndogo iliyobandikwa mwishoni ni tofauti ya mazao mawili yaliyokaribiana kabisa, 10,225 na 10,224, na kila ninapolitazama jambo hili naliona kuwa zuri kuliko 641 yenyewe. Na 20,449 nayo ni mraba, 143 × 143, jambo ambalo hakuna sehemu ya hoja hii iliyolidai.

Nimesema kwamba kanuni ya kwanza ya Fermat huongoza utafutaji wa vigawo, lakini pia inaweza kutumiwa moja kwa moja kama jaribio. Kama F₅ ingekuwa tasa, namba yoyote isiyogawanyika kwayo ingeacha baki 1 ikipandishwa hadi kipeo cha F₅ − 1, yaani 2³². Ukilijaribu hili kwa 2, namba yetu inapita mtihani: tumeshaona kwamba 2⁶⁴ huacha baki 1, na kwa kuwa 2³² ni kigawe cha 64, kipeo hicho kikubwa nacho huacha 1. Kila namba katika mfuatano huu, tasa au si tasa, hupita mtihani wa 2 kwa sababu hiyohiyo. Mtihani wa 2 basi hausemi chochote.

Mtihani wa 3 ni tofauti kabisa. Anza na 3, uipandishe hadi mraba, na kila mara ubakishe baki la kugawanya kwa 4,294,967,297. Baada ya kufanya hivyo mara 31 unapata 10,324,303. Na mara ya 32 unapata 3,029,026,160. Baki lingepaswa kuwa 1, nalo liko mbali mno na 1. Kuzidisha mara 32 namba za tarakimu kumi ni kazi ya siku moja au mbili kwa mtu makini mwenye karatasi ya kutosha, nayo ingemaliza jambo mwaka 1640. Mwaka 1877 Théophile Pépin alithibitisha kwamba kwa mfuatano huu, kuanzia 5 na kuendelea, mtihani wa 3 unatosha kwa pande zote mbili: namba ni tasa ikiwa, na tu ikiwa, hatua ya mwisho kabla ya 1 inatoa −1. Kwa F₅ hatua hiyo ndiyo ile ya 31, na 10,324,303 si −1.

Ndugu wa karibu wa namba hii, aliye chini yake kwa 2, ana habari yake katika jiometri. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, kabla hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa na pembe zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari pekee, jambo ambalo halikuwa limefikiriwa tangu enzi za Wagiriki wa kale. Sharti la jumla, ambalo Pierre Wantzel alilikamilisha mwaka 1837, ni kwamba ikiwa idadi ya pande ni witiri, umbo linachorwa pale tu idadi hiyo inapokuwa namba tasa ya Fermat, au zao la namba tasa za Fermat zisizorudiwa. Tasa zinazojulikana ni tano tu, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, hivyo idadi witiri zinazojulikana kukubalika ni 31, na kubwa kuliko zote ni zao la zote tano, 4,294,967,295. Umbo la pande 4,294,967,295 linaweza kuchorwa, kwa maana ya kinadharia. La pande 4,294,967,297 haliwezi, wala la pande 641 haliwezi, kwa sababu 641 ni tasa lakini haimo katika mfuatano.

Baada ya F₅ hakuna tasa nyingine iliyopatikana. Namba zote kuanzia F₅ hadi F₃₂ zimeshathibitishwa kuwa si tasa, baadhi yake, kama F₂₀ na F₂₄, bila kigawo chake hata kimoja kujulikana. Ya kwanza ambayo hali yake haijulikani ni F₃₃, yenye tarakimu zaidi ya bilioni 2.5, ambayo ni kubwa mno kwa mtihani wa Pépin kwa kompyuta zilizopo. Kinachobaki ni njia ya kutafuta vigawo, na sharti la Lucas kwa F₃₃ linasema kwamba kila kigawo tasa ni lazima kizidi kwa 1 kigawe cha 2³⁵, yaani cha 34,359,738,368. Kigawo cha namna hiyo hakijapatikana.